Mtutu Baridi na Risasi ya Kusubu

Katika bunduki inayopiga risasi za kusubu, tundu la kwanza kwenye karatasi ya shabaha mara nyingi hukaa peke yake. Nne zinazofuata hukusanyika mahali ambapo kiganja cha mtoto kinaweza kuzifunika, lakini ile iliyotoka mtutu ukiwa baridi huwa juu yao, au chini, au pembeni, kwa sentimita tano na pengine kumi. Kwenye mashindano jambo hili lina dawa rahisi: mlenga shabaha hupiga mbili tatu za kupashia, ndipo aanze kuhesabiwa alama. Mwindaji hana za kupashia. Risasi yake ya kwanza ndiyo kazi yote ya siku, na ikienda kombo, anayelipa ni mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani kufia huko. Ndiyo maana usahihi wa mtutu baridi unastahili kuchunguzwa peke yake, mbali na usahihi wa bunduki kwa jumla. Bunduki inaweza kuwa hodari sana kwa risasi kumi mfululizo na isiaminike hata kidogo kwa moja.

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa madini na kwa kitu kinachoruka kutoka kwenye bunduki. Neno lilitoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni madini. Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja: mwenye gobore aliyeyusha madini, akamimina kwenye kalibu, akapata alichohitaji. Risasi nyingi za viwandani za leo zimevishwa koti la shaba, na ndani tu ndiko iliko risasi yenyewe. Usubuji hata hivyo haukufa. Marekani ndiko ulikobaki na nguvu zaidi, kiasi cha kuwa na chama chake, Cast Bullet Association, kilichoanzishwa mwaka 1976, chenye mashindano yasiyoruhusu risasi yenye koti. Msubuji wa huko hutengeneza aloi yake, hujaza nta au mafuta magumu kwenye vijifereji vinavyozunguka ubavu wa risasi, na mara nyingi huvisha kitako chake kikombe chembamba cha shaba ili gesi ya moto isikile. Huyu ndiye anayesumbuliwa na mtutu baridi kuliko mwenzake wa risasi zenye koti, na sababu yake iko zaidi kwenye hiyo nta kuliko kwenye baridi.

Neno “baridi” linapotosha. Mtutu ambao haujapigwa tangu jana hutofautiana na mtutu uliokwisha kupiga risasi tano kwa mambo kadhaa kwa pamoja. Chuma chake kina joto la hewa. Kuta zake za ndani zina mafuta ya kusafishia, au hazina kitu, au zina utando wa zamani ulioganda. Risasi na ganda lake vilivyo ndani ya chemba havijapashwa na chuma, na baruti ndani ya ganda imelala vingine. Bunduki haijajikalisha kwenye mifuko ya mchanga. Na mtu mwenyewe bado hajazoea teke la bunduki asubuhi hiyo. Anayesema “mtutu ulikuwa baridi” ametaja yote hayo kwa jina la moja, na dawa anayoitafuta huenda ikawa ya ugonjwa usiomhusu.

Joto la chuma lianze, kwa kuwa ndilo hulaumiwa kwanza. Chuma cha mtutu hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka kwa milimita 0.36, na uwazi wake wa milimita 7.62 huongezeka kwa chini ya milimita 0.005, unene ambao unywele wa mtu unauzidi zaidi ya mara kumi. Hayo peke yake hayapeleki risasi popote. Kinachoipeleka ni joto lisilolingana pande mbili. Mtutu wenye unene wa sentimita 2, upande mmoja ukiwa na joto zaidi ya mwingine kwa nyuzi moja tu kutoka mwanzo hadi mdomoni, hupinda kiasi cha kuhamisha tundu kwa sentimita 3.6 penye umbali wa mita 100. Nyuzi moja! Jua la asubuhi likipiga upande mmoja linatosha, na pia tundu la mtutu lililotobolewa kidogo nje ya kitovu, au ubao unaofunika tumbo la mtutu na kuuacha mgongo wake wazi upeponi. Mitutu mingine ina mkazo uliobaki ndani ya chuma tangu kiwandani, na kila ikipata moto huupumua kuelekea upande ule ule.

Hata hivyo, kwa risasi za kusubu, joto lina ushahidi wa kulitetea. Risasi hizi kwa kawaida hupelekwa kwa mwendo wa mita 450 hadi 600 kwa sekunde, wakati zenye koti katika nyingi za bunduki zile zile hupita 800. Baruti inayoungua ni kidogo, na mtutu wenye uzito wa kilo moja na ushei hupanda nyuzi mbili tatu tu kwa kila mlio. Kwa hiyo iwapo risasi ya kwanza iko mbali na ya pili tayari iko ndani ya fungu la matundu, si rahisi kulitia joto hatiani, maana joto halikupata muda wa kutenda. Joto hutembea: matundu husogea polepole kuelekea upande mmoja kadiri milio inavyoongezeka. Tatizo la kuta za mtutu huruka: moja nje, kisha zote ndani. Tofauti hii ya kutembea na kuruka ndiyo alama ya kwanza ya kutazamwa kwenye karatasi, na inasikitisha kwamba wengi huitoa karatasi ukutani bila kuandika tundu lipi lilitangulia.

Bunduki ambazo mtutu wake umefungwa kwenye kitu kingine zina habari yake. Winchester ya mwaka 1894, inayopiga .30-30 na ambayo wasubuji wa Marekani wameipenda kwa vizazi, ina bomba la risasi chini ya mtutu, vikuku vya chuma vinavyovishika viwili hivyo pamoja, na ubao wa mbele uliobanwa kati yake. Mtutu ukirefuka, bomba lisiporefuka sawasawa, kitu lazima kivutwe. Mafundi hulegeza mibano ili sehemu ziteleze bila kusukumana. Katika bunduki za bolti, kazi ni kuhakikisha kwamba ubao wa mbele haugusi mtutu, na kwamba skrubu zinazoshika chuma na mbao zimekazwa kwa kiasi kile kile kila msimu. Mbao hunywa unyevu. Ubao uliokuwa mbali na mtutu wakati wa kiangazi unaweza kuugusa wakati wa mvua, na mwenye bunduki akadhani aloi yake imeharibika.

Kuta za ndani za mtutu ndiko kwenye kisa chenyewe. Kila risasi ya kusubu inayopita huacha nyuma utando: nta kidogo, masizi ya baruti, na pengine chembe za madini. Inayofuata huukuta utando huo, hukwangua sehemu yake, nayo huacha wa kwake. Baada ya milio michache hufikiwa ulinganifu, kinachoondolewa kikawa sawa na kinachoachwa, na hapo kila risasi hukutana na njia ile ile iliyoikuta mwenzake. Ulinganifu huo ndio unaozaa fungu dogo. Risasi ya kwanza ya siku haiukuti. Inapita kwenye njia nyingine kabisa, na msuguano ukibadilika hubadilika pia shinikizo la gesi, mwendo, na jinsi mtutu unavyotetemeka wakati risasi inatoka mdomoni.

Njia mbaya kuliko zote ni iliyopakwa mafuta ya kuzuia kutu. Mafuta hayo hayabanwi. Risasi huyasukuma mbele yake na kuyakanyaga kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kutabiri itakwenda wapi. Kupitisha vitambaa viwili vitatu vikavu kwa mdeki kabla ya kutoka nyumbani husaidia sana, lakini mafuta mepesi hujificha kwenye mikwaruzo ya chuma na pembeni mwa matuta yaliyo kati ya mifereji inayoizungusha risasi, yakajitokeza tena baada ya saa chache. Kwa hiyo ni vema kitambaa cha mwisho kipite muda mfupi kabla ya mlio. Bunduki iliyosimamishwa kabatini mdomo ukiwa juu ina kasoro ya ziada, kwa sababu mafuta huteremka kwenye chemba na kwenye mbao. Wenye uzoefu huisimamisha mdomo chini.

Mtutu uliosafishwa hadi chuma kitupu nao una tabu yake. Utahitaji milio mitatu, mitano, mingine hata kumi, kabla ya utando kurudi mahali pake, na muda wote huo matundu yatakuwa yanatafuta makao. Kutokana na hayo linakuja pendekezo linalowaudhi waliofundishwa usafi wa jeshini: mtutu wa risasi za kusubu usisafishwe kila jioni. Amri ya zamani ya kuuosha kwa maji kila baada ya kupiga ilikuwa na sababu. Fataki za kuwashia baruti za wakati huo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo huacha chumvi inayovuta unyevu na kula chuma usiku mmoja. Kwa fataki za sasa na baruti isiyo na moshi, masalia ya nta hulinda chuma badala ya kukila, na mtutu unaweza kukaa wiki kadhaa hivyo hivyo. Penye hewa ya bahari yenye chumvi lazima utazamwe mara kwa mara, lakini kutazama ni jambo moja na kukwangua ni jingine.

Hapo panabaki njia ya tatu, mtutu wenye utando wa jana. Huu ndio uliokaribia zaidi ulinganifu, na tofauti yake na mtutu uliopashwa inategemea nta iliyotumika. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mnazi-pori wa Brazili, huhitaji zaidi ya nyuzi 80. Kilainishi kilichoenea kuliko vyote Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20 kilitokana na majaribio ya E. H. Harrison wa jarida la American Rifleman: nusu nta ya nyuki, nusu Alox, ambayo ni grisi ya kahawia yenye harufu nzito. Ni kizuri, na kwa hali ya hewa ya wastani hakina lawama kubwa. Lakini asubuhi ya Novemba huko Montana, nyuzi kumi chini ya sufuri, nta yoyote ngumu iliyobaki mtutuni jana imekuwa mshumaa. Risasi ya kwanza inapanda juu ya mshumaa huo, inauvunja, na kwa msuguano wake inaulainisha kwa ajili ya wenzake. Ikibadilishwa nta ikawa laini, yenye mafuta yasiyoganda kwa baridi, pengo kati ya risasi ya kwanza na ya pili hupungua waziwazi. Nta hiyo hiyo ikiachwa ndani ya gari juani Arizona itatiririka, itapenya hadi kwenye baruti, na risasi itakuwa imeharibika kabla ya kupigwa. Kilainishi cha majira yote kwa kweli hakipo. Kilichopo ni cha mahali na msimu, na anayepika cha kwake ana nafasi ya kukirekebisha.

Wingi wa kilainishi una uzito sawa na aina yake, na kosa la kawaida ni kuzidisha. Dalili yake inaonekana mdomoni mwa mtutu. Baada ya milio michache, bunduki ikigeuzwa penye mwanga, kwenye uso wa chuma huwa kumechorwa nyota ya grisi, mwali mmoja kwa kila mfereji, sita kwa mtutu wa mifereji sita. Nyota nyembamba, yenye unyevunyevu na iliyolingana, inaonyesha kwamba nta imefika hadi mwisho wa safari. Pasipo nyota, nta imekwisha njiani, na madini huanza kuganda karibu na mdomo. Nyota nene iliyomwagika kama uji inaonyesha kwamba mtutu umejaa. Mtutu uliojaa hujitapika wenyewe: nta hulimbikizana kwa milio kadhaa, kisha risasi moja huizoa yote kwa mara moja na kuruka nje ya fungu, halafu mambo hurudi kama yalivyokuwa. Risasi ya kwanza ya siku ina bahati mbaya ya kuzoa malimbikizo ya jana yaliyoganda. Risasi yenye vijifereji vitatu vya nta, ikipakwa kimoja tu kilicho karibu na kitako, mara nyingi huponya tatizo ambalo mwenye bunduki alikuwa tayari amenunulia mtutu mpya.

Pana desturi mbili za kuuandaa mtutu kwa ajili ya kesho. Moja ni kupitisha kitambaa kimoja kikavu mara tu baada ya mlio wa mwisho, chuma kikiwa bado vuguvugu, ili utando uliozidi uondoke na ubaki mwembamba unaolingana. Nyingine ni kupitisha, kabla ya kuwinda, kitambaa kilichoguswa kidogo na nta ile ile ya risasi, ili ya kwanza ikute kile ambacho ya pili ingekikuta. Zote mbili hufanya kazi. Ya kwanza ni bora zaidi, kwa kuwa ina nafasi chache za mkono kuzidisha au kupunguza, na katika jambo hili ulinganifu una thamani kuliko ustadi.

Walenga shabaha wa enzi za baruti nyeusi walilijua tatizo hili kabla ya kuwapo kwa baruti nyingine. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki ikiwa yabisi, ukoko mkavu unaokuwa mgumu kadiri hewa inavyokuwa kavu. Mwaka 1874, timu ya Marekani ilipowashinda Waairishi kwa alama 934 dhidi ya 931 katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, kwenye umbali wa yadi 800, 900 na 1,000, ushindi wa namna hiyo haukuwezekana bila nidhamu ya kuuweka mtutu katika hali moja kila mlio. Njia iliyobaki hadi leo kwa wapenzi wa bunduki hizo ni ya kupendeza kuitazama: mlenga shabaha hufungua chemba, huingiza bomba fupi, na kupuliza pumzi ndefu tatu au nne, polepole. Mvuke wa kinywa hulainisha ukoko. Akipuliza tatu leo na sita kesho, matundu humwambia.

Njia ya kisasa ya kuikwepa nta ni kuipaka risasi unga wa plastiki wa aina ya polyesta, ule unaopakwa kwenye fremu za baiskeli na viti vya chuma. Risasi hutikiswa na unga hadi umeme tuli uunatishe, kisha huokwa kwa nyuzi 200 hivi kwa dakika 20. Utando mgumu hufunika madini yote, mtutu haubaki na nta ya kuganda, na tofauti kati ya mlio wa kwanza na wa pili mara nyingi huwa ndogo kuliko kwa kilainishi chochote. Bei yake ni kwamba risasi hunenepa kwa milimita 0.03 hadi 0.05, na unga usiposhika sawasawa pande zote, mizani ya risasi inayozunguka kwa kasi huharibika. Kwa mwindaji wa nchi ya baridi, hata hivyo, ni njia ya kufikiriwa kwa dhati.

Risasi inayokaa vizuri mtutuni husamehe mengi. Ikiwa nyembamba, gesi hupenya pembeni mwake, huyeyusha ubavu wake, na inabaki kutegemea nta izibe pengo. Siku nta imeganda, pengo liko wazi. Kipimo hupatikana kwa kusukuma kibonge cha risasi laini kupitia mtutu na kukipima kwa maikromita. Mtutu wa .30 kwa kawaida una milimita 7.82 kutoka chini ya mfereji hadi chini ya mfereji wa pili, na risasi hufanywa ya 7.85 hadi 7.87. Shingo ya chemba, mahali risasi inapoanzia safari, inastahili kupimwa pia, kwani bunduki nyingi za zamani zimelika hapo. Madini yakikutwa yameganda karibu na chemba, mshukiwa wa kwanza ni wembamba wa risasi. Yakikutwa karibu na mdomo, ni uchache wa nta.

Ugumu wa aloi huendana na shinikizo. Risasi tupu ina ugumu wa takriban 5 kwa kipimo cha Brinell. Aloi ya Lyman namba 2, yenye bati asilimia 5 na antimoni asilimia 5, hufikia 15, na madini ya mitambo ya Linotype iliyokuwa ikipangia herufi za magazeti hufikia 22. Antimoni, ambayo madini yake yalisagwa kuwa wanja tangu zamani, ndiyo inayotia ugumu, na bati husaidia aloi kujaza pembe za kalibu. Wengi hukimbilia ugumu wakidhani ni dawa ya kila kitu. Kwa risasi ya mwendo wa wastani, aloi isiyo ngumu sana huweza kutanuka kidogo kwa nguvu ya gesi na kuubana mtutu, hata huo wenye utando usio mkamilifu wa asubuhi.

Usubuji wenyewe una ubaridi wake. Kalibu isiyopashwa hutoa risasi zenye mikunjo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, pembe za kitako zikiwa za mviringo, na msubuji huzirudisha chunguni bila huruma hadi kalibu ishike moto. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, na aloi humiminwa ikiwa na nyuzi 370 hadi 400. Kitako ndicho cha kukaguliwa zaidi. Franklin W. Mann, daktari wa Massachusetts aliyetoa matokeo ya majaribio yake ya miaka mingi katika kitabu The Bullet’s Flight mwaka 1909, alionyesha kwamba kasoro ndogo kitakoni hupotosha safari kuliko kasoro kubwa puani, kwa sababu kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu, na gesi husukuma zaidi pale palipopungua. Kazi hii hufanywa penye hewa inayopita, mikono huoshwa kabla ya kula, na maji hayasogezwi karibu na chungu: tone moja likizama ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha hadi usoni.

Baruti huchangia kwa njia isiyoonekana. Ganda la .30-06 lilibuniwa kwa kiasi kikubwa cha baruti, na risasi ya kusubu huhitaji kiasi kidogo, hivyo nafasi tupu hubaki ndani. Baruti ikirundikana karibu na fataki huwaka kwa namna moja, na ikirundikana mbele huwaka kwa namna nyingine. Tofauti ya mwendo yaweza kuwa kubwa kuliko inayoletwa na nta. Mwindaji aliyebeba bunduki mdomo chini tangu alfajiri ana baruti iliyokimbilia mbele, wakati kwenye benchi la mazoezi ilikuwa imelala sawasawa urefu wote wa ganda. Kuinua mdomo wa bunduki juu, kisha kuishusha taratibu hadi shabahani, hurudisha baruti kwenye fataki, na tendo hilo lifanywe vile vile mazoezini. Baruti yenye kujaa zaidi ganda hupunguza tatizo lenyewe. Nafasi hiyo tupu ina hatari nyingine isiyohusu usahihi: ganda linaweza kumeza kipimo mara mbili bila kumwagika, na bunduki ikapasuka. Kila ganda humulikwa na kuchunguliwa ndani kabla ya risasi kuwekwa, na vipimo hutolewa kwenye vitabu vya watengenezaji, si kwa kubahatisha.

Mtu mwenyewe anabaki. Mann alijenga nguzo ya zege na kuifunga mitutu juu yake, ili mkono na jicho la binadamu viondoke kwenye hesabu. Asiye na nguzo ana njia ya bei nafuu: apige kwanza milio kumi kwa bunduki ndogo ya .22, mwili uzoee, ndipo achukue ile iliyo baridi. Upotevu wa kwanza ukitoweka, mtutu haukuwa na kosa. Ukibaki, uchunguzi unaendelea. Baada ya kupiga fungu zuri, bunduki huachwa ipoe kwa saa moja bila kuguswa ndani, kisha hupigwa tena mara moja. Tundu likiingia kwenye fungu, joto la chuma limeondolewa hatiani. Siku nyingine hurudiwa vivyo hivyo, ila kitambaa kikavu hupitishwa kabla ya mlio huo. Tundu likitoka nje, utando ndio unaohusika. Kisha hulazwa usiku kucha, kwa sababu nta iliyopoa saa moja si sawa na iliyoganda hadi asubuhi. Kila jaribio hubadilisha kitu kimoja tu, na hurudiwa, maana tundu moja halina ushahidi.

Kuhusu kurudia, hesabu ni ya lazima. Katika fungu la risasi tano, moja lazima iwe ya mbali zaidi, na kwa bahati tupu ya kwanza itakuwa hiyo mara moja kati ya tano. Mtu aliyepiga mafungu kumi kwa siku kumi akakuta ya kwanza ni ya mbali mara mbili hana tatizo lolote la mtutu baridi. Akikuta mara saba, bahati peke yake ingeleta hali hiyo chini ya mara moja katika elfu, na hapo ana haki ya kutafuta sababu. Njia iliyo wazi kuliko zote ni kutenga karatasi moja kwa ajili ya milio ya kwanza tu. Kila siku bunduki hutolewa kabatini, hupigwa mara moja kwenye karatasi hiyo, na tarehe na joto la hewa huandikwa pembeni mwa tundu. Baada ya siku kumi karatasi huonyesha moja ya mambo mawili. Matundu yakiwa yametawanyika ovyo, hali ya mtutu bado hailingani siku hadi siku, na lazima kurudi kwenye mafuta, nta na mbao. Yakiwa yamekusanyika, hata kama yamekusanyika sentimita sita juu ya mahali mtutu uliopashwa unapopiga, hakuna cha kuponya: chombo cha kulengea hurekebishwa kwa kufuata fungu hilo la baridi.

Mahali ambako risasi yenye madini haya hairuhusiwi kwa uwindaji, kama jimbo la California tangu Julai 2019, kazi hii yote hubaki ya uwanja wa shabaha. Kwingineko, bunduki iliyokwisha kupimwa hivyo huingia msimu wa uwindaji bila kusafishwa tangu jaribio la mwisho. Risasi hubebwa mfuko wa nje, zisipashwe na mwili. Kitambaa kikavu, ikiwa kilitumika siku zote kumi, hupita mara moja alfajiri, mdomo wa mtutu huinuliwa na kushushwa, na mlio wa pili, ukihitajika, hupigwa kwa kujua kwamba huenda usiangukie pale pale ulipoangukia ule wa kwanza.